Wavulana Waliojiona Wadogo

Ofisi niliyoikabidhi mwezi uliopita ina kompyuta, friji ya chanjo na kiti kinachozunguka. Mimi nilipoanza kazi nilipewa mizani, utepe wa kupimia na kofia nyeupe isiyokaa kichwani. Wauguzi vijana mnaonifuata mmeniomba niwaandikie habari za miaka yangu, nami nimekubali kwa sharti moja: vyeo nilivyopanda sivitaji. Vimo ndani ya faili, faili imo kabatini, na ufunguo wa kabati aliondoka nao karani mmoja aliyehamia Lamu.

Nilianzia Samburu, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, kwenye zahanati ya vyumba viwili. Mkuu wangu alikuwa ofisa wa kliniki aitwaye Nyale, ambaye wenyeji wote walimwita daktari naye hakuwakataza. Siku yangu ya kwanza nilimpima mtoto mchanga, nikaandika kilo, nikaufuata mstari wa kadi, nikamwambia mama yake kwamba mtoto ni mzima. Nyale alikuwa amesimama mlangoni.

"Riziki, umemtazama miguu?"

Sikuwa nimemtazama. Miguu ilikuwa imevimba, imejaa maji, na ni yale maji yaliyoipendeza mizani yangu.

"Mizani itakwambia kilo," akasema. "Kilo za nini, utatazama mwenyewe."

Maneno hayo aliyarudia mara nyingi mpaka nikayachoka. Baadaye, siku niliyoyahitaji kweli, yalikuwa yamenitoka kabisa, na ndiyo habari ninayotaka kuwapa.

Kutoka Samburu nilikwenda Kinango, ambako nusu ya kazi ilikuwa kutibu watu na nusu kusubiri maji. Kisha, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikapelekwa kuwa muuguzi wa shule moja ya bweni ya wavulana, ndani kidogo ukitoka Msambweni kuelekea Kikoneni. Jina lake sitalitaja. Asubuhi yangu ya kwanza nilikuta wavulana kumi na mmoja mlangoni, wote wana malaria, na wote walikuwa na mtihani wa hesabu saa mbili. Niliwaambia kwamba siku hiyo dawa ipo ya sindano tu. Saba walipona pale pale, na wanne waliobaki nikawatibu kwa moyo safi.

Nilidhani basi nimewajua wavulana. Nilikuwa najua uongo wao wa kitoto tu.

Shule ile ilisifika kwa voliboli. Mwalimu wa michezo, Kariuki, alikuwa mtu wa bara, mchapakazi, mwenye sauti iliyofika jikoni akiwa bado uwanjani. Nyuma ya bweni la pili wachezaji walikuwa na chuma cha ekseli ya gari, kila upande wamekichomekea kopo la mafuta ya kupikia lililojazwa saruji. Walikinyanyua kabla ya mazoezi na baada ya mazoezi. Wakati huo hoteli za Diani zilikuwa na vijana wa kutumbuiza wageni kwa sarakasi, vifua wazi vimepakwa mafuta, na kila mvulana alikuwa na kaka au binamu aliyewahi kumwona mmoja wao kwa karibu. Chini ya magodoro kulikuwa na gazeti la rangi lililoachwa na mtalii, lenye picha ya mzungu ambaye misuli yake ilionekana kama imepangwa kwa mkono. Gazeti hilo lilizunguka bweni zima hadi jalada likawa laini kama kitambaa. Mimi nilipolikuta nilishukuru Mungu kwamba angalau mtu yule alikuwa amevaa kaptula, nikalirudisha mahali pake.

Mwaka uliofuata ile mvua ya El Niño iliyong'oa madaraja yetu, nilihudhuria semina Mombasa. Tulipewa fomu ya kuwapima wanafunzi wanaojinyima chakula kwa sababu ya maumbo yao. Ilikuwa fomu nzuri, ila aliyeitunga alikuwa akiwafikiria wasichana. Je, unajiona mnene? Unaogopa kunenepa? Unaruka mlo ili upungue? Niliporudi shuleni niliwaita wachezaji kumi na wawili wa voliboli, maana ilikuwa karibu na mashindano ya wilaya, na hakuna aliyeruhusiwa kucheza bila sahihi yangu.

"Sista, mnene ni nani hapa?" wakacheka.

Niliandika "hapana tatizo" mara kumi na mbili, nikaweka sahihi, nikaenda kunywa chai.

Nahodha wao alikuwa Hamisi Mwero wa kidato cha tatu, mtoto wa mchuuzi wa ng'ombe kutoka Kinango. Alikuwa na mabega mapana kuliko mvulana yeyote pale shuleni na adabu ya kukutoa machozi. Hakunipita bila kusema shikamoo, hata kama tumeonana mara nne siku hiyo. Kila mwezi nilimpima na kila mwezi kilo zake zilisimama vizuri. Nilikuja kujua baadaye kwamba kabla ya kuja kwangu alikuwa akipitia nyuma ya tangi na kunywa jagi zima la maji. Nyale angeniuliza ni kilo za nini.

Zaidi ya hayo, Hamisi alikuwa akifunga sunna, Jumatatu na Alhamisi. Mimi nimekulia chuoni, nimesoma Kurani kwa babu yangu, na kijana wa umri ule anayefunga bila kulazimishwa alinijaza furaha kifuani. Basi asubuhi moja niliitwa gwarideni niwazungumzie wanafunzi juu ya usafi, nikatoka nje ya mada. "Mtazameni Hamisi," nikasema. "Anafunga, na bado ndiye nahodha. Mwili unaotawaliwa na mwenyewe ndio mwili wa kweli." Wakapiga makofi. Nilishuka pale jukwaani nikijiona nimesema jambo.

Wiki mbili hazikupita, wachezaji wengine sita wakawa wanafunga Jumatatu na Alhamisi. Mmoja wao alikuwa Mutiso, ambaye baba yake alikuwa mzee wa kanisa kule kwenye mashamba ya masetla, wakulima waliohamia kutoka bara. Ndugu zangu, mtoto wa mzee wa kanisa anafunga sunna, na mimi sikushtuka. Nilisema moyoni, tazama vijana wetu wanavyoheshimiana katika dini. Nilimsimulia mume wangu kwa fahari, naye akasema labda nchi itapona.

Hamisi alianguka Alhamisi moja saa kumi, wakati wa mazoezi. Kariuki alimleta mabegani, mbio.

"Ni jua tu, madam," akasema akihema. "Huyu kijana ako fiti kushinda wote. Baada ya wiki mbili tuko na fainali za wilaya."

Nilimshika Hamisi mkono. Ulikuwa wa baridi, na nje jua lilikuwa linachoma bati. Mapigo ya moyo yalikuwa yakienda polepole, kisha yanaruka, kisha yanangoja. Nikamtazama usoni kama nilivyofundishwa kutazama, na kwa mara ya kwanza nikaona mashimo kwenye panja, midomo iliyopasuka na ngozi iliyoshikana na mfupa shingoni. Miezi yote hiyo nilikuwa nimeyatazama mabega tu, kama kila mtu.

Tulimkimbiza hospitalini Msambweni kwa lori la shule. Daktari wa zamu, mama mmoja mpole, alimpima kwa muda mrefu kisha akaniita pembeni. Alisema chumvi za damu zimeshuka na moyo umepoteza mwendo wake. "Akianguka tena hivi uwanjani, dada, huenda asiinuke. Kijana huyu hali chakula."

"Anafunga sunna, daktari," nikamjibu, tena kwa kumtetea.

"Nimesikia. Na akifungua, anakula nini?"

Nilirudi shuleni na swali hilo.

Asubuhi yake nilikwenda jikoni kwa Mejumaa. Mejumaa alikuwa ndiye mpishi mkuu, Mdigo wa Ukunda, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi. Nilimkuta akichambua maharagwe.

"Mejumaa, Hamisi anapofungua huwa anakula nini?"

Hakuinua kichwa. "Leo ndiyo waniuliza?"

"Nakuuliza."

"Anakula ute wa mayai. Ananunua mayai kwa akina mama pale uani, anakula ule weupe, kiini anampa paka. Umemwona paka wetu alivyonona? Ugali hajagusa tangu shule ifunguliwe. Anawapa wenzake ugali wake, nao wanampa mayai. Na hao sita wanaomfuata ni hivyo hivyo." Akasukuma ungo kando. "Mimi nimefuturisha watu miaka yote, sista. Mwenye kufunga, magharibi ikiadhiniwa, ana hamu na sahani. Hawa wanaigeuzageuza, wanaikagua kama askari wa forodha pale Lunga Lunga."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini, na wewe umesimama mbele ya shule nzima ukawasifu? Mimi mpishi nimkosoe sista?"

Nilikaa juu ya gunia la unga nikalia. Sioni haya kuwaambia. Nilikuwa nimemsifu mtoto kwa kujiua na nimewaita wenzake wamwige, na mwanamke aliyeyajua yote alinyamaza kwa sababu ya kofia yangu nyeupe. Mejumaa aliniacha nilie kwa kiasi alichoona kinatosha, halafu akanipa kikombe cha uji wa moto na kuniambia ninywe mpaka mwisho, yeye akinitazama.

Nilirudi hospitalini mchana. Hamisi alikuwa ameegemea mto, dripu mkononi, na juu ya kabati kulikuwa na mkoba wake ulioletwa kutoka bwenini. Ndani yake, pamoja na nguo, mlikuwa na ukurasa mmoja wa lile gazeti na utepe mrefu wa njano uliokunjwa vizuri. Niliutambua utepe ule kwa sababu nimekaa Kinango. Ni utepe wa wachuuzi wa mifugo. Ng'ombe huzungushiwa kifuani, na badala ya urefu unasoma kilo, ili ujue bei kabla hujapigana na mwenye ng'ombe.

Niliamua kuifuata fomu yangu ya semina kwa mara nyingine.

"Hamisi, unajiona mnene?"

"La, sista."

"Unaogopa kunenepa?"

"La."

Hapo fomu ilikuwa imeisha. Nikaiweka chini, na swali lililofuata sijui nililitoa wapi.

"Basi unajionaje?"

Yule mvulana mwenye mabega mapana kuliko shule nzima aliuvuta mkono wake chini ya shuka, ukafichika.

"Mdogo, sista," akasema. "Najiona mdogo. Kila nikijipima, mdogo. Ile funga yangu haikuwa ya Mungu. Nilitaka mafuta yaondoke misuli itokeze, na nilijua ukiambiwa nafunga hutaniuliza neno."

Nimefanya kazi hii miaka mingi, na sijasikia jibu lililonifumbua macho kama lile. Tulikuwa tunawauliza wavulana kama wanajiona wanene, nao walisema kweli kwamba hawajioni wanene. Hakuna mtu aliyewauliza kama wanajiona wadogo.

Baba yake alifika kesho yake kutoka mnadani, ana fimbo yake na vumbi la Kinango miguuni. Mzee Mwero alinisalimu kwa utulivu, akanijulia hali mimi, mume wangu, watoto na kazi, kila mmoja kwa zamu yake, na wakati huo wote macho yake yalikuwa kitandani. Kisha akamwendea mwanawe.

"Kaa, mwanangu. Geuka."

Hamisi akamgeuzia mgongo. Mzee akaweka kiganja chini ya shingo, akakiteremsha taratibu kwenye uti wa mgongo, akabonyeza mbavu moja moja, akashika kiuno kwa vidole. Nilishawahi kumwona mnadani. Hivyo ndivyo alivyomkagua fahali kabla ya kutaja bei.

"Ningekukuta sokoni, nisingekununua," akasema.

"Baba, lakini misuli si hii?"

"Naiona. Ndiyo sababu. Ukame ulipotupiga, ng'ombe wangu wote walikuwa na misuli hivi, ukiihesabu mmoja mmoja kwa macho. Waliokufa kwanza ndio waliokuwa wakionesha zaidi." Akauona utepe pale juu ya kabati nilikouacha, akauchukua. "Kumbe uko kwako. Nimeutafuta nikagombana na mamako. Ulikuwa wajipima na huu?"

"Ndiyo, baba."

"Ukasoma nini?"

"Ndama," Hamisi akajibu kwa sauti ndogo. "Kila siku ndama."

Mzee aliuzungusha ule utepe kifuani mwake mwenyewe, juu ya kanzu, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akausoma. "Mimi nami ni ndama," akasema. "Mlete mwalimu wako, mlete na chifu, wote watakuwa ndama. Utepe huu haujamwambia binadamu yeyote kwamba ni mkubwa." Akaufungua ule utepe, akaukunja. "Nimefukia ng'ombe kwa njaa, Hamisi, na Mungu anajua hapakuwa na jani. Wewe nisikufukie na chakula kiko mezani."

Hamisi alilia kama mtoto, na mzee alilia, na mimi nikajifanya naangalia dripu. Jioni ile Hamisi alikula pure aliyopika Mejumaa na kuileta mwenyewe, mahindi na maharage kwa tui, vijiko sita. Najua ni sita kwa sababu sote watatu tulikuwa tukivihesabu huku tukijifanya hatumwangalii.

Msidhani vita viliishia hapo. Kariuki alikuja ofisini kwangu na karatasi za mashindano.

"Madam, nisainie tu. Ameshatoka hospitali. Bila captain tutachapwa."

"Sitii sahihi."

"Ni game mbili tu, madam, for the sake ya shule."

"Mwalimu Kariuki, nilishatia sahihi kumi na mbili bila kutazama. Hii ya kumi na tatu nimetazama."

Alikwenda kwa mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akaniita, nami nikampelekea barua ya daktari na kumwambia kwamba atakayetaka Hamisi acheze aandike jina lake chini ya neno "moyo". Hakuandika mtu. Kariuki alininunia siku tatu. Siku ya nne nilimwomba aketi nami niwaulize upya wachezaji wake mmoja mmoja, lile swali la Hamisi. Aliketi, amekunja mikono. Saba kati ya kumi na mmoja waliosalia walijibu kwamba wanajiona wadogo. Mutiso alisema hawezi kuvua shati mbele ya wenzake kwa jinsi alivyo mdogo, na Mutiso yule alikuwa akiinama kupita mlangoni. Kariuki alikunjua mikono. Alipotoka alikwenda moja kwa moja nyuma ya bweni, akaibeba ile ekseli yenye saruji na kuitia stoo, na tangu siku hiyo aliitoa yeye mwenyewe, kwa saa, kwa aliyekwisha kula.

Fainali za wilaya walicheza bila Hamisi wakashinda kwa kuponea chupuchupu, naye akiwa benchi amekumbatia birika la uji. Mashindano ya mkoa yalikuwa wiki kadhaa mbele. Kila asubuhi nilimpima, lakini nilimtazama kwanza, na Mejumaa alinipa habari za sahani. Swala yake nilimwachia mwenyewe na Mola wake, ila kufunga nilimwambia asubiri Ramadhani na ruhusa ya daktari. Siku moja alinijia na shikamoo yake, akaniambia kwamba amekula kiini cha yai, na kwamba paka amemtazama vibaya. Hapo nikajua anapona.

Mkoani nilitia sahihi baada ya kumtazama vizuri. Mchana, kabla ya mchezo, timu nyingine zikiwa kivulini zinakunywa soda, vijana wetu kumi na wawili waliketi duara katikati ya uwanja na sinia za ugali na samaki. Hamisi alimega tonge la kwanza, akaliinua wenzake walione, akala. Halafu wakaingia uwanjani wakawapiga wapinzani wao seti tatu mfululizo. Nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka, na Kariuki akaja kunishika mkono bila neno, jambo ambalo kwake lilikuwa hotuba.

Baada ya hapo mimi na Mejumaa tuliketi juu ya magunia tukaandika maswali yetu wenyewe. Unajiona mdogo? Unampa mwenzako chakula gani, na unachukua nini badala yake? Ukifungua, unaanza na nini? Nani alikufundisha kula hivyo? Karani wa shule aliyapiga chapa, nikayabeba hadi shule za Ukunda, Kinango na Kikoneni. Bwana mmoja kutoka ofisi kubwa aliuliza haya maswali ni ya profesa gani. Nikamwambia ni ya Profesa Mejumaa, yuko jikoni, na asiende saa ya chakula. Sikupata shule hata moja ambayo swali la kwanza halikumtoa mtu mafichoni, na kati ya wavulana waliotoka kwa swali lile, sikumzika hata mmoja. Hilo nalisema kwa majivuno, na sitaomba radhi.

Mwezi uliopita, wiki yangu ya mwisho kazini, waliniomba nikapime timu ya shule moja kwa mara ya mwisho. Mwalimu wao wa michezo alinipokea getini na shikamoo mbili kwa pamoja. Ndiye Hamisi, ana mvi sasa na kitambi kidogo anachokibeba kwa raha. Ukutani ofisini kwake ametundika ule utepe wa njano, ambao mzee Mwero alimwachia kabla ya kufariki.

Nilitoa kalamu nianze. Akaniomba nimwachie yeye aulize, mimi nitazame tu. Nikakaa pembeni. Wavulana waliingia mmoja mmoja, na wa tano alikuwa jitu la mtoto, shingo nene, mabega yamejaa mlango. Alijibu kila kitu haraka, akicheka. Hamisi akaweka karatasi chini.

"Unajionaje, mwanangu?"

Kicheko kikakatika. Yule mvulana akatazama sakafu, kisha utepe, kisha sakafu.

"Mdogo, mwalimu."

Hamisi akainuka, akafunga mlango, akavuta kiti chake hadi magoti yao yakakaribia kugusana. Kutoka mezani kwake alichukua sahani iliyofunikwa, akaifunua: ugali, maharage na samaki wa kupaka, bado moto.

"Hata mimi," akamwambia. "Nawa mikono, tule."